Sadaka na bajeti katika sharika za Arusha na Meru

Sadaka na bajeti katika sharika za Arusha na Meru ni utaratibu ambao makanisa ya Kikristo katika jiji la Arusha na kandokando ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, hutumia kukusanya fedha na mazao ya waumini, kupanga matumizi yake na kuyatolea taarifa. Makala hii inahusu hasa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lenye historia ndefu katika eneo hilo na makao makuu yake mjini Arusha. Makanisa mengine yanatajwa kwa kulinganisha.

Karibu kila usharika huishi kwa michango ya watu wake: wakulima wa kahawa na migomba mlimani, wafugaji wa tambarare, wafanyabiashara na waajiriwa wa mjini. Kwa sababu hiyo mazungumzo kuhusu fedha hayawezi kukwepwa. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba waumini wako tayari kutoa sana wanapojua fedha zinakokwenda, na kwamba wasipojua, swali la fedha linaweza kuligawa kanisa.

Historia

Misheni ya Kilutheri ya Leipzig kutoka Ujerumani ilijaribu kuingia Meru mwaka 1896, lakini wamisionari wake wawili wa kwanza, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba mwaka huo. Kituo cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya Wameru, na kile cha Ilboru mwaka 1904 kwa ajili ya Waarusha.

Mwanzoni gharama kubwa zilibebwa na wafadhili wa Ulaya. Vita vikuu viwili vya dunia viliharibu mpango huo. Baada ya vita ya kwanza wamisionari Wajerumani walifukuzwa, na katika vita ya pili waliokuwa wamerudi walikamatwa na Waingereza. Walutheri wa Marekani walisaidia kuziba pengo, lakini kazi ya kila siku ilibaki kwa walimu, wainjilisti na wazee wenyeji. Hivyo kanisa lilijifunza mapema kwamba msaada wa nje unaweza kukatika ghafla.

Desturi ya kuchangishana haikuwa ya kanisa peke yake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichangishana fedha kumpeleka Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi haikurudishwa wakati huo, lakini safari hiyo ilibaki katika kumbukumbu kama mfano wa jambo kubwa lililofanywa kwa michango ya watu wa kawaida.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa KKKT. Leo sharika za Arusha na Meru ziko hasa chini ya dayosisi mbili: Dayosisi ya Kaskazini Kati, yenye makao Arusha, na Dayosisi ya Meru. Dayosisi hizo huendesha pia shule na hospitali, zikiwemo Selian na Nkoaranga.

Vyanzo vya mapato

Mapato ya usharika wa Kilutheri hutoka katika mafungu kadhaa.

Sadaka ya Jumapili ni ile inayotolewa ibadani bila jina la mtoaji. Kiasi chake hubadilika kufuatana na mahudhurio na majira.

Ahadi ni kiasi ambacho muumini au kaya huahidi kutoa kwa mwaka mzima. Hulipwa kidogo kidogo kwa bahasha yenye namba au jina, na kila malipo huandikwa katika daftari au kadi ya mtoaji. Ahadi ndiyo inayowezesha kupanga bajeti, kwa kuwa usharika hujua tangu mwanzo wa mwaka ni kiasi gani cha kutegemea.

Fungu la kumi, au zaka, ni sehemu moja ya kumi ya kipato. Walutheri wengi huifundisha kama mwongozo wa kujitolea. Katika baadhi ya makanisa mengine ni wajibu wa kila muumini.

Sadaka ya shukrani hutolewa kwa tukio maalumu, kama mtoto kuzaliwa, kupona ugonjwa, kufaulu mtihani au kurudi salama safarini.

Sadaka ya mavuno na mnada huwapa nafasi wasio na fedha taslimu. Muumini huleta mkungu wa ndizi, debe la mahindi, maharage, mayai, maziwa, kuku au mbuzi. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa, na fedha huingia katika hesabu za siku hiyo. Mara nyingi mnunuzi hutoa bei iliyo juu kuliko ya sokoni, maana naye anatoa sadaka. Wapo wanaonunua kitu na kukirudisha kinadiwe tena, au kumpa mzee asiye na uwezo. Sharika za wafugaji wa Kiarusha na Kimaasai hupokea kondoo, mbuzi na hata ng'ombe kwa njia hiyohiyo.

Harambee hufanyika kwa lengo moja, kwa mfano kuezeka kanisa, kununua vyombo vya muziki au kujenga nyumba ya mchungaji. Mara nyingi mgeni rasmi hualikwa ili awavute wengine kuchangia.

Kuhesabu na kutoa taarifa

Njia ya fedha kutoka kapuni hadi benki ina hatua ambazo lengo lake ni moja: mtu yeyote asibaki peke yake na sadaka. Baada ya ibada wazee wa kanisa wa zamu, wasiopungua wawili, huhesabu pamoja. Kiasi huandikwa na wote hutia sahihi. Mtunza hazina hupokea na kutoa stakabadhi, kisha fedha hupelekwa benki bila kutumiwa kwanza. Malipo hufanyika kwa hati iliyoidhinishwa, na hundi au fomu ya benki huhitaji sahihi zaidi ya moja.

Jumapili inayofuata, wakati wa matangazo, mapato ya wiki iliyopita husomwa mbele ya waumini. Tangazo hilo fupi ni ukaguzi wa kwanza wa hesabu. Aliyehesabu atasikia kama kiasi kimebadilika, na aliyenunua mbuzi mnadani atasikia kama bei yake imeingia.

Utaratibu huu una mizizi katika Biblia. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, kinasimulia jinsi mfalme Yoashi alivyoona kwamba fedha za kutengeneza hekalu zilikuwa zikitolewa lakini ukarabati haufanyiki. Liliwekwa sanduku lenye tundu kwenye mfuniko, na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Mtume Paulo naye, katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anaeleza kwamba mchango wa maskini unasindikizwa na watu kadhaa ili asiwepo wa kulaumu. Mafungu hayo mawili hutumika sana kufundisha kwamba kudai hesabu si kumtukana mchungaji wala mtunza hazina. Hesabu iliyo wazi humlinda mtu mwaminifu dhidi ya kushukiwa.

Uandaaji wa bajeti

Katika sharika nyingi mwaka wa fedha huanza Januari, kwa hiyo makadirio huandaliwa katika miezi ya mwisho ya mwaka. Kila mtaa na kila idara, kama wanawake, vijana, kwaya, shule ya Jumapili na diakonia, huleta mahitaji yake. Diakonia ni huduma ya kanisa kwa wajane, yatima, wagonjwa na maskini. Kamati ya fedha hulinganisha mahitaji hayo na mapato ya mwaka unaokwisha, kisha baraza la wazee huyajadili na mkutano mkuu wa usharika hupokea makadirio.

Ugumu mmoja wa eneo la Meru ni majira. Kahawa huvunwa hasa katika nusu ya pili ya mwaka, nayo malipo yake huweza kuchelewa. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni ya kulima na kupalilia, na kaya nyingi zina fedha kidogo. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule. Usharika unaogawa mapato ya mwaka kwa kumi na mbili na kutarajia kiasi kilekile kila mwezi hujikuta na madeni kabla ya mavuno. Mjini hali ni tofauti kidogo: mishahara huja kila mwezi, ila wanaotegemea utalii hupata zaidi katika majira ya wageni.

Jambo lingine ni mgao wa dayosisi. Sehemu ya mapato ya usharika hupelekwa dayosisini kwa ajili ya ofisi, mafunzo, umisioni na sharika zisizojiweza. Kwa mshiriki wa kawaida fungu hilo ndilo gumu zaidi kuonekana, kwa kuwa matumizi yake yako mbali na kijiji.

Mfano wa bajeti

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ili kuonyesha jinsi hesabu zinavyofanya kazi. Usharika unakadiria mapato ya shilingi 48,000,000 kwa mwaka: ahadi 24,000,000, sadaka za Jumapili 12,000,000, mavuno na mnada 7,200,000, shukrani na mengineyo 4,800,000.

Matumizi yamepangwa hivi: mgao wa dayosisi 14,400,000, mishahara na posho za watumishi 16,800,000, umeme, maji na ukarabati 6,000,000, diakonia 4,800,000, watoto na vijana 2,400,000, akiba 3,600,000. Jumla ni shilingi 48,000,000, na bajeti inalingana.

Sasa ikiwa waumini watatimiza asilimia 70 tu ya ahadi zao, pengo ni shilingi 7,200,000, yaani asilimia 15 ya bajeti yote. Mgao wa dayosisi na mishahara ni vigumu kupunguzwa katikati ya mwaka, na umeme usipolipwa hukatwa. Akiba yote ikitumika, bado zinapungua shilingi 3,600,000. Mara nyingi fungu linaloguswa ni la diakonia, kwa sababu wanaolitegemea hawana ankara ya kudai wala sauti kubwa kikaoni. Katika mfano huu wangebaki na shilingi 1,200,000, robo ya walichopangiwa.

Hivyo kupitisha bajeti hakutoshi. Usharika unaosomewa hali ya ahadi kila robo mwaka una muda wa kuchagua: kuongeza juhudi, kuahirisha ukarabati, au kuamua kwa pamoja kwamba fungu la maskini lisiguswe. Usharika unaoambiwa Desemba huwa umeshaamuliwa na upungufu wenyewe.

Migogoro

Mgogoro mkubwa zaidi ulitokea Meru kati ya mwaka 1990 na 1993. Wakati huo Walutheri wa Meru walikuwa chini ya Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao Moshi. Kundi kubwa lilitaka dayosisi yake. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba Wameru walikuwa wakichangia kwa miaka mingi huku maendeleo yakionekana zaidi upande wa Kilimanjaro. Upande wa pili uliona kujitenga kuwa ni kuvunja umoja na katiba ya kanisa. Mabishano yaligeuka kuwa vurugu: nyumba zilichomwa, kahawa na migomba ilikatwa, na watu walipoteza maisha. Ndugu wa ukoo mmoja walijikuta katika pande mbili. Hatimaye Dayosisi ya Meru ilitambuliwa, na Paul Akyoo akawa askofu wake wa kwanza.

Fedha haikuwa sababu pekee. Palikuwa na masuala ya uongozi, ya utambulisho wa Wameru na Wachaga, na ya siasa za wakati huo. Uchumi nao ulibana, kwa kuwa bei ya kahawa duniani ilianguka baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989. Hata hivyo swali la nani anatoa na nani anafaidika lilikuwa rahisi kueleweka na kila kaya, na hivyo lilikuwa na nguvu.

Mjini Arusha swali lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2013 magazeti ya Tanzania yaliandika kuhusu deni kubwa la Dayosisi ya Kaskazini Kati lililotokana na hoteli yake, Corridor Springs. Waumini waliombwa kuchangia ili mali ya kanisa isipigwe mnada, na mjadala ukazuka kuhusu namna uamuzi wa kukopa ulivyofikiwa. Makanisa huanzisha hoteli, majengo ya kupangisha na miradi mingine kwa nia ya kupunguza mzigo wa michango. Lakini mradi unaoanzishwa kwa mkopo huweza kuurudisha mzigo uleule, tena ukiwa mkubwa zaidi, kwa watu ambao hawakuulizwa mwanzoni.

Masuala yanayojadiliwa

Kutajwa kwa majina. Baadhi ya sharika husoma au kubandika majina ya waliotoa ahadi na kiasi walichotoa. Wanaotetea desturi hiyo husema inathibitisha kuwa kila bahasha imepokelewa. Wanaoipinga hukumbusha fundisho la Yesu katika Mathayo 6 kuhusu kutoa kwa siri, na kwamba maskini huona aibu hata kuacha kuja kanisani. Njia ya kati ni kubandika namba za bahasha bila majina: kila mtoaji huiona yake na hawezi kusoma ya jirani.

Huduma na michango. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania hulalamikiwa kwamba anayedaiwa michango huweza kucheleweshewa huduma kama ubatizo, ndoa au maziko. Wengine huona kuwa mshiriki ana wajibu kwa usharika wake kama alivyo nao kwa ukoo. Wengine hujibu kwamba sadaka inayotolewa kwa kuogopa kukosa maziko si sadaka tena bali ni kodi. Hadithi ya mjane aliyetoa senti mbili, katika Marko 12, hutumiwa na pande zote mbili: kuwahimiza wenye kidogo watoe, na kuwaonya viongozi wasile mali ya wajane, kama aya zinazotangulia hadithi hiyo zinavyosema.

Wingi wa michango. Kaya moja huweza kudaiwa kwa wakati mmoja ahadi, jengo, kwaya, kipaimara cha mtoto, harambee ya jimbo na michango ya arusi na misiba ya jirani. Baadhi ya sharika hujaribu kuunganisha yote katika ahadi moja ya mwaka, ili mtu ajue tangu Januari jumla ya anachotakiwa.

Makanisa mengine

Kanisa Katoliki lilipata jimbo la Arusha mwaka 1963, nalo likawa jimbo kuu mwaka 1999. Zaka na michango hukusanywa kupitia jumuiya ndogondogo, kisha kigango na parokia. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinaagiza kila parokia iwe na kamati ya fedha, na waumini wapewe taarifa ya mali walizotoa.

Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo lina Chuo Kikuu cha Arusha huko Usa River, hutenganisha zaka na sadaka. Zaka hupelekwa ngazi za juu kulipa watumishi wa injili, na kanisa mahalia huishi kwa sadaka nyingine. Utaratibu huo hupunguza tofauti kati ya mchungaji wa kanisa tajiri na yule wa kanisa maskini.

Waanglikana wa eneo hili wako chini ya Dayosisi ya Mount Kilimanjaro, yenye makao Arusha. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste yanayojitegemea mwanzilishi huwa na madaraka makubwa juu ya fedha. Uamuzi huweza kufanyika haraka, lakini uwazi hutegemea zaidi mtu kuliko taratibu.

Sheria

Nchini Tanzania mali ya kanisa, kama viwanja na majengo, humilikiwa kwa kawaida na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Usajili wa bodi husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Maana yake ni kwamba mchungaji au mzee wa kanisa hawezi kisheria kuuza au kuweka rehani kiwanja cha kanisa kama mali yake. Katika makanisa yenye dayosisi, usharika uliojenga kanisa kwa jasho lake huenda usiwe mmiliki wa hati: mwenye hati ni bodi ya ngazi ya juu. Hilo huwashangaza waumini hasa wakati wa mgogoro, wanapotaka kuondoka na jengo.

Malipo kwa simu

Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoenea Tanzania kuanzia mwaka 2008, sharika nyingi hupokea sadaka kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Wanaofanya kazi Dodoma, Dar es Salaam au ng'ambo huweza kutimiza ahadi katika usharika wa nyumbani. Kila malipo huacha kumbukumbu, na hilo hurahisisha ukaguzi.

Njia hii ina mipaka yake. Namba ikiwa ni ya mtu binafsi, faida hiyo hupotea, kwa kuwa fedha za kanisa na zake huchanganyika. Makato ya muamala hupunguza sadaka ndogo. Bibi anayeleta mayai sita kwa ajili ya mnada hana namna ya kuyatuma kwa simu. Kwa hiyo bahasha, mnada na simu huendelea kutumika pamoja, na taarifa inayosomwa Jumapili huwa kamili pale tu inapojumuisha zote tatu.